Watu wa Vichwa vya Kioo

Katika ukoo wa Kagaruki wa Muleba, binti hakuolewa mpaka shangazi aende kunusa. Ndivyo walivyosema wenyewe, kunusa, wala hawakuona haya. Baba alipokea pombe ya rubisi na kusikiliza maneno ya mshenga, mama alikaa jikoni akijifanya hasikii, lakini aliyefunga safari kwenda kuona mchumba analala wapi, anakula na nani na amegombana na nani, alikuwa shangazi. Shangazi akirudi amenuna, posa imekufa.

Ephrasia, dada yake Kagaruki, alikuwa na pua ya kazi hiyo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na tangu azaliwe hakuwahi kumwamini mtu kwa mara ya kwanza, wala ya pili. Ukimpa mkungu wa ndizi bure alikuuliza umeuiba kwenye kibanja cha nani. Watu walicheka, ila hawakucheka sana, maana walijua kilichomfikisha huko. Mtoto wake wa pekee, Mujuni, alikwenda Bukoba mjini kubeba magunia ya kahawa bandarini. Akarudi nyumbani mara moja tu, Noeli, akakaa siku tatu, akaondoka, na huo ukawa mwisho. Ilikuwa sasa mwaka wa tano. Hakuandika, hakutuma salamu. Ephrasia alikwenda kumtafuta mara tatu, akasimama gatini akiuliza kuli mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia hamjui Mujuni yeyote.

Basi akajijibu mwenyewe. Siku zile za Waingereza habari za mumiani zilikuwa zimeenea mpaka vijijini. Ilisemekana lipo gari lenye watu wanaobeba mipira mirefu, wanamvuta mtu damu hadi anabaki ngozi, na damu inatiwa mikebeni kwenda kutengenezwa dawa Ulaya. Hakuna aliyekuwa ameliona gari hilo, lakini kila mtu alikuwa na shemeji aliyeliona. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa Ephrasia jambo lilikuwa limekwisha: mwanawe ameliwa na hao watu, na kilichobaki ni kujua nani alimshika miguu na nani alishika mpira.

Katika hali hiyo ndipo ilipofika posa ya Immakulata, binti wa mwisho wa Kagaruki, mwaka 1958.

"Kijana anaitwa Ildefons, wazazi wake ni wa Izimbya," alisema mshenga, mzee Protase, mtu mtaratibu ambaye hakupenda kuulizwa maswali. "Anaishi mjini, Nshambya. Kazi yake kuchora."

"Kuchora nini?" Kagaruki aliuliza.

"Picha za gazeti. La Nairobi, linatoka kila mwezi."

"Picha za nani?"

Protase alikuna kidevu. "Si za mtu, waitu. Ni za vitu ambavyo havipo. Vyombo vya kwenda kwenye nyota. Mnyama mwenye vichwa vitatu. Mji ulio chini ya ziwa."

"Na Nairobi wanamlipa kwa vitu ambavyo havipo," alisema Ephrasia, aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

"Wanamlipa, mama."

"Mwizi naye ni hivyo hivyo. Ukimuuliza kazi yake, haipo. Lakini anakula."

Protase akaona afadhali aeleze maisha yote ya kijana kuliko kuulizwa kipande kipande. Alisema Ildefons alianza kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama yake, akachora chui mwenye mabawa, na mama yake alipika akiwa ameupa ukuta mgongo kwa wiki nzima. Shuleni padri alimwagiza achore mbinguni kwenye ukuta wa darasa. Akachora jehanamu, akasema mbinguni hakuna vitu vya kutosha. Wangemsamehe, lakini mmoja wa wale waliokuwa wakiungua alikuwa amevaa viatu vya mwalimu mkuu. Alipofukuzwa alikuja mjini kuandika mabango ya maduka. Fundi cherehani mmoja alimwomba achore suruali, naye akachora suruali inatembea peke yake juu ya mwezi. Fundi aligoma kulipa, ila hakulifuta bango, kwa sababu watu walikuja kulitazama na wengine waliingia kushona. Mwisho alifungiwa sukari kwenye ukurasa wa gazeti la Nairobi, akaona anwani, akapeleka michoro kwa posta. Wakajibu. Na safari hii walikuwa wamemwagiza picha kumi na mbili za hadithi moja ndefu, watu wanaosafiri kwenda kwenye nyota ya Zuhura. Zikipendeza atachorea gazeti hilo kila mwezi.

"Nimesikia," alisema Ephrasia. Kwake neno hilo halikuwa na maana ya kukubali.

Wiki iliyofuata Ildefons mwenyewe aliletwa Muleba. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye wino kwenye kucha. Alimsalimia Ephrasia kwa heshima zote, akala ebitoke, ndizi za kupikwa, kama mtu wa nyumbani, akalala kwa Protase. Asubuhi yake akakutana na Ephrasia huyo huyo kwenye njia ya kanisani, akampita kama unavyopitwa mgomba. Ephrasia akasimama akamtazama mpaka akapotea. Mtu anayekula kwako leo na kesho hakujui, ana mambo.

"Nakwenda kunusa," alimwambia kaka yake, na Jumatatu akapanda basi.

Nyumba ya Nshambya ilikuwa ya mama wa Kiislamu aitwaye Mwamvita, mjane mnene mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, aliyepangisha vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Alimkaribisha mgeni, akamwonyesha chumba cha Ildefons, akarudi uani kwenye chungu chake cha maharage. Ephrasia aliingia akiwa amekunja kanga yake mkononi ili isiguse kitu.

Chumba kilikuwa na kitanda, meza chini ya dirisha la kioo, na sanduku la bati. Juu ya meza zilipangwa chupa, na mojawapo ilikuwa nyekundu mpaka shingoni.

"Ni wino," alisema Ildefons alipoona anapotazama. "Jalada linachapwa kwa rangi mbili, nyeusi na nyekundu."

Ephrasia aliitazama tena. Alikuwa amechinja kuku wengi maishani mwake, na aliijua rangi ile.

Kijana akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyompasa mgeni. Ila kila Mhaya anajua kwamba mwenyeji hutafuna kwanza, ili mgeni aone hakuna sumu. Ildefons alisahau. Alimnyooshea kikapu, akakaa, akawaza mambo yake. Ephrasia akachukua buni mbili, akaziweka chini ya ulimi, na alipogeuka akazitemea kwenye kanga. Kisha akamwona yule kijana ameinua penseli mbele yake, mkono umenyooka, jicho moja limefumbwa, anampima.

"Mama, una mifupa mizuri ya uso," alisema. "Siku moja nitaomba nikuchore."

"Mifupa yangu bado naitumia," alijibu Ephrasia.

Ildefons alicheka, akidhani ni utani. Akaomba radhi, akasema anakimbia posta mara moja kuuliza barua za Nairobi zinaondoka saa ngapi, kwa maana picha zake kumi na mbili zimekamilika na lazima ziende kabla ya mwisho wa mwezi. Akatoka na kumwacha mgeni peke yake, jambo ambalo mtu mwenye siri asingelifanya. Hilo halikumpita Ephrasia. Alilipima, akaona ni ujanja mkubwa zaidi, akafungua sanduku.

Picha ya juu ilionyesha chombo mfano wa boga refu, kimesimama kwa mkia. Ya pili ilionyesha watu watatu mbele ya mlima usio na majani. Walivaa nguo nene za kuvimba. Kichwa cha kila mmoja kilifungiwa ndani ya tufe la kioo, na mpira ulitoka mdomoni, ukapita begani, ukaingia kwenye mkebe mgongoni.

Mpira. Mkebe. Ephrasia akapiga magoti sakafuni. Miaka mitano alikuwa akisimuliwa, na sasa alikuwa ameshika kwa mkono. Akainamia uso wa yule wa katikati, nyuma ya kioo. Kwenye nyusi ya kushoto palikuwa na kovu, mahali ambapo kisu cha kumenyea ndizi kiliponyoka mkononi mwa mama mwaka mtoto alipokuwa na miaka sita.

"Mujuni," alisema.

Alizifunua zote. Mujuni alikuwa kwenye picha tisa kati ya kumi na mbili, na katika zote tisa mpira ulikuwa mdomoni mwake. Chini kabisa ya sanduku palikuwa na karatasi kubwa, na humo uso wake ulichorwa mara saba, mbele, ubavuni, kidevu juu, macho yamefumbwa, na kila uso ukapewa namba, kama nyama kwenye bucha. Hapo Ephrasia hakuwa na shaka hata chembe, na mtu aliyezoea shaka akiikosa hupotea njia.

Huenda mwingine angezibeba picha zile kwenda polisi. Ephrasia hakuona picha. Aliona mwanawe amefungwa, damu yake bado inavutwa taratibu na mkebe, mwaka wa tano, na akaona kuna njia moja tu ya kumfungua. Alizikumbatia zote, akatoka nazo uani wakati Mwamvita ameingia ndani, akauvuta ule moto wake chini ya chungu na kuziingiza, ile karatasi kubwa kwanza. Kisha akapiga nduru.

Nduru ya Uhayani haiulizwi sababu. Anayeisikia anakuja mbio, na asiyekuja huhesabiwa mkosaji. Watu wakatoka vibandani na mapanga, wengine na majembe, na Ephrasia akawaambia mumiani anaishi hapa, amemmaliza mwanangu, nimemkuta na mipira yake. Ildefons akaingia wakati huo huo na stempu za posta mkononi. Hakuwatazama watu. Alitazama moto, akatia mkono, na alichotoa ni ukingo mmoja wenye viatu viwili vya kwenda Zuhura. Mwanamume mmoja akamkamata shati, mwingine akainua mpini.

"Mwacheni mpangaji wangu," alisema Mwamvita. Alikuwa amesimama kati yao na mwiko wa maharage, na sauti yake ilifanya mpini ukae pale ulipokuwa. Akamgeukia Ephrasia. "Wewe mama, unamlilia nani?"

"Mwanangu. Alikuwa kwenye makaratasi yake, na kovu lake. Mujuni."

Mwamvita akaushusha mwiko.

"Kwenye makaratasi yale mlikuwa na mtu mmoja tu mwenye kovu," alisema. "Yunus. Mume wa Shamsia wangu."

"Mwanangu amebatizwa."

"Alikuja hapa akiwa Mujuni. Akampenda binti yangu, akasilimu, akawa Yunus. Bandarini kote alijulikana kwa jina hilo. Akashikwa na homa ya matumbo, siku tisa, kwenye chumba hicho cha pili. Mwezi huu ni wa kumi na saba tangu tumzike. Shamsia alimaliza eda, akaolewa Mwanza."

"Mbona hamkuniita," alisema Ephrasia. Hakuwa anauliza.

"Tulimwuliza kwao ni wapi, tupeleke habari. Siku ya saba nikamwuliza tena. Akasema hana mama. Akasema mama yake alimwambia, siku utakapoacha msalaba usirudi kwangu hata maiti."

Wenye mapanga wakaanza kutazama chini, kisha wakaondoka mmoja mmoja, bila kuagana. Ephrasia alibaki amesimama. Aliikumbuka ile Noeli. Walikuwa jikoni wakimenya ndizi, yeye na Mujuni, akawa anamsema vibaya mtoto wa jirani aliyesilimu Rubafu. Neno lile lilimtoka huku kisu kikiwa mkononi, na akaongeza, hata wewe. Mujuni alimaliza kumenya sehemu yake, akaosha mikono. Mama mtu, aliyemshuku kila dereva, kila karani na kila Mzungu wa Tanganyika, hakuwahi hata siku moja kujishuku mwenyewe.

Jioni ile Mwamvita alimpeleka makaburini. Ephrasia alisimama na rozari mkononi asijue kama anaruhusiwa kuitumia mahali pale. "Sema unachokijua," Mwamvita alimwambia. "Ni mwanao." Akasema alichokijua, kwa Kihaya, na akalia mpaka Mwamvita akamshika.

Kesho yake alimwendea Ildefons. Kijana alikuwa amefungwa kitambaa mkono wa kushoto, ameketi mezani, anaanza upya picha kumi na mbili kwa sababu Nairobi hawakuwa na habari ya moto wa mtu. Ephrasia hakujua kuomba radhi vizuri, kwa kuwa hakuwa na mazoezi. Alisema tu, "Nichoree."

"Mama, siwezi."

"Ulimchora mara saba."

"Nilimchora akiwa amekaa hapo ulipo. Jumapili saba." Akamweleza kazi yake. Hakuwa na kipaji cha kushika sura. Zilimtoka kichwani mara tu mtu alipogeuka, na watu walimwita mwenye majivuno kwa sababu aliwapita njiani. Kwa hiyo kila aliyemtaka katika hadithi alimchora kwanza akiwa hai, kwenye karatasi moja. Akitaka picha mpya aliibandika karatasi ile kwenye kioo cha dirisha, akaweka nyingine safi juu yake, mwanga ukapita, akafuatisha mistari. "Yunus alinicheka, akasema nimpeleke mbali kuliko meli zinavyofika. Nikamwahidi Zuhura. Baada ya kufa kwake niliendelea kufuatisha. Sura yake ilikuwa kwenye karatasi, mama. Kwangu haikuwepo."

"Jaribu."

Alijaribu. Uso wa kwanza ulikuwa na kovu lakini macho hayakuwa yake. Ephrasia akamwelekeza, pua fupi zaidi, mdomo mzito kidogo, na kadiri alivyoelekeza ndivyo uso ulivyokuwa wa mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kwa wa tatu akagundua jambo la kutisha kuliko yote, kwamba yeye naye hawezi kusema mdomo wa mwanawe ulikuwaje. Wa nne akausukuma.

"Unajua," alimwambia. "Unaninyima."

"Sikunyimi."

"Nilikuchomea kazi. Una haki ya kuninyima. Lakini unajua."

Akarudi Muleba. Kagaruki alimwuliza amenusa nini, naye akajibu kwamba kijana ni mtu mzuri, wampe binti, na asiulizwe zaidi. Ndoa ilifungwa kanisani baada ya mavuno ya kahawa. Ephrasia alihudhuria amevaa nyeusi, na kwa mara ya kwanza wana ukoo hawakusikia kasoro hata moja kuhusu chakula.

Picha za Nairobi Ildefons aliziwahisha kwa shida. Kwa kuwa hakuwa na uso wa kuweka, na hakutaka kuweka wa mtu mwingine mahali pa rafiki yake, aliyaacha matufe ya kioo matupu, akachora mng'ao tu, na ndani ya mng'ao milima ya huko kwenye nyota. Nairobi wakamwandikia barua ndefu. Walisema hawajaona kitu cha kuogofya kwa uzuri namna ile, watu wasio na nyuso, na wakamtaka asichore vingine. Hakuchora vingine. Miaka iliyofuata watu wa vichwa vya kioo walikwenda Mirihi, walishuka chini ya ziwa, walipigana na joka la mawinguni, na wasomaji wa Mombasa na Tabora walibishana kwa barua kuhusu maana yake. Alipoulizwa alijibu kwamba ni rahisi zaidi kuchora hivyo. Pesa zilitosha, jina likakua, Wazungu wawili walikuja Nshambya kumpiga picha, na yeye mwenyewe hakuwahi kulitundika hata jalada moja ukutani.

Kila mwezi Immakulata alilipeleka gazeti Muleba. Shangazi yake aliketi nalo mlangoni penye mwanga, akapita kurasa mpaka kwenye kioo, na hapo akakaa. Aliugeuza ukurasa kushoto, akaugeuza kulia, akauinua uelekee jua ili aone kama kuna kitu upande wa pili.

"Tatenkazi," Immakulata alimwuliza shangazi yake siku moja, kwa upole, "unatafuta nini humo?"

Ephrasia hakuinua macho.

"Mumeo anajua kuficha," alisema. "Lakini ipo siku atasahau."